Miezi Mitatu ya Kwanza Mkekani: Mwongozo wa Aikido kwa Mtu Mzima Anayeanza Dar es Salaam

"Kaka, nina miaka arobaini na tatu, sijachelewa?" "Mkanda mweusi unachukua muda gani?" "Mimi mnene, nitaweza?" "Si bora nianze na video nyumbani, halafu nije nikiwa najua kidogo?"

Maswali haya nayajibu karibu kila wiki mlangoni mwa klabu, mgeni ameshika begi na mimi nimeshika fagio la mkeka, huku darasa linataka kuanza. Majibu ya haraka haraka hayamsaidii mtu. Nimeyaandika hapa kwa mpangilio ambao ningependa nami ningepewa siku yangu ya kwanza.

Hujachelewa. Unene si tatizo. Mkanda mweusi ni suala la miaka, nitagusia mbele. Kuhusu video, subiri hatua ya nne, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwa ambaye amesikia jina tu: aikido ni sanaa ya kujilinda ya Kijapani iliyoasisiwa na Morihei Ueshiba, aliyeishi kati ya 1883 na 1969. Mtu anapokushambulia, unaingia ubavuni mwake au unageuka pamoja naye, unamyumbisha, kisha unamtupa au unambana kifundo cha mkono, kiwiko au bega. Katika mkondo wa Aikikai, ambao makao yake yako Tokyo, hakuna mashindano. Mnafanya wawili wawili kwa zamu: anayeshambulia na kuanguka anaitwa uke, anayefanya mbinu anaitwa tori au nage. Maana yake nusu ya muda wako klabuni utakuwa unaanguka. Anayelijua hilo tangu mwanzo hudumu. Anayekuja kujifunza kutupa watu tu, mara nyingi hatumwoni tena baada ya wiki ya tatu.

Vitu vya kuandaa

Siku ya kwanza huhitaji gi, yaani sare ya mazoezi. Vaa suruali ndefu ya mazoezi isiyobana na fulana ya mikono mirefu. Kaptula itakuachia michubuko magotini, na zipu ya chuma itamkwaruza mwenzako. Ukiona unabaki, nunua gi baada ya mwezi. Ya judo ni imara ila kwa joto la Dar la Desemba hadi Machi ni nzito mno. Nyepesi ya karate inatosha kuanzia. Ukiamua kushonesha, nunua kitambaa kizito cha pamba Kariakoo, kifue na kukianika kwanza, ndipo ukipeleke kwa fundi cherehani. Mwenzetu mmoja aliruka hatua hiyo. Alifua gi yake mara mbili, mikono ikaishia karibu na viwiko.

Beba pia:

- Ndala za kutoka chumba cha kubadilishia hadi ukingoni mwa mkeka. Miguu iliyokanyaga choo au korido haipandi mkekani, fangasi huanzia hapo.
- Maji, lita moja na nusu hivi, na taulo dogo. Anza kunywa tangu mchana, usisubiri kiu ikukamate mkekani.
- Kikata kucha. Kucha za miguu ndizo zinazowachana wenzako.
- Plasta ya kitambaa, ya kuzungushia pete ya ndoa isiyotoka. Pete nyingine, saa, hereni, mikufu na bangili zibaki kwenye begi.

Dada anayevaa hijabu atumie ya kitambaa kinachovutika, aichomeke ndani ya kola, bila pini hata moja.

Kama una presha, kisukari, kifafa, mgongo wenye historia au bega lililowahi kutoka, mwambie mwalimu pembeni kabla ya darasa. Kama ni mjamzito, ahirisha hadi baada ya kujifungua na ruhusa ya daktari.

Silaha za mbao usinunue sasa. Wakati wake ukifika utahitaji jo, fimbo ya sentimita 128 hivi, na bokken, upanga wa mbao unaozidi mita kidogo. Jo hata seremala wa Keko anaweza kukuchongea ukimpa kipimo: mbao ngumu, isiyo na fundo, nyuzi zake zifuate urefu wa fimbo. Usiagize mpingo, ni mzito kupita kiasi, na paini hutoa vibanzi ikigongwa. Siku ya kuzibeba kwenye daladala au mwendokasi, zifunge kwenye kitenge. Abiria hawajui kama unatoka mazoezini.

Hatua

1. Tazama darasa zima kabla ya kutoa hela. Usimwangalie sana mwalimu, waangalie wanaoanguka. Je, wanainuka wakiwa watulivu? Je, mwenye mkanda mweusi akipangwa na mgeni anapunguza kasi? Je, kuna mtu amekunja uso huku ameshika bega? Kisha muulize mwalimu daraja lake na aliyempa. Madaraja ya dan, yaani ya mkanda mweusi, ya Aikikai husajiliwa Tokyo na yana cheti, kwa hiyo mwenye nalo hatakasirika ukiuliza. Angalia na mkeka. Kwenye ukumbi wa kuazima vipande hutandikwa na kukunjwa kila siku ya mazoezi, na vikiachana hata upana wa kidole, vidole vya miguu hunasa. Ukiona wanafunzi wanaisogeza mianya hiyo bila kuambiwa, hapo pana malezi mazuri.

2. Fika dakika ishirini kabla, na uingie kwa adabu. Foleni haikubali udhuru. Anayetoka Mbagala au Tegeta apige hesabu zake mapema. Ndala ziache ukingoni pua zikitazama nje. Inama kidogo ukipanda mkeka na ukishuka. Ukichelewa, kaa pembeni hadi mwalimu akupe ishara, usijipenyeze.

Kabla ya kuanza na mwenzako mnaambiana *onegaishimasu*, yaani naomba tufanye pamoja. Mwisho wa darasa ni *domo arigato gozaimashita*, ahsante sana. Haya hayafuti adabu yetu. Kwetu yupo mwalimu kijana mwenye mwanafunzi mstaafu anayelingana na baba yake. Mlangoni kijana anatangulia, "Shikamoo mzee," na mzee anaitikia, "Marahaba mwanangu." Wakipanda mkekani mzee ndiye anayeinama kwanza, kwa sababu hapo anakuja kufundishwa. Nimewaona wakifanya hivyo mara nyingi, na kila mara naona heshima imekwenda pande zote mbili.

Watu wa dini huuliza kuhusu kuinama, hasa kwa kuwa mbele huwa kuna picha ya Ueshiba. Ni swali la haki, usione aibu kuliuliza. Kuinama huku ni salamu na shukrani, si ibada. Hata hivyo kama dhamiri yako inakusumbua, zungumza na mwalimu kabla ya darasa. Nimeona walimu wakikubali mtu asimame kimya au aweke mkono kifuani. Usilazimishe ukaondoka na kinyongo.

3. Jifunze kusimama na kugeuka. Simama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma umegeukia nje kidogo, magoti yamelegea, mikono mbele ya kitovu. Hiyo ni hanmi. Halafu tenkan: mwenzako ameshika mkono wako wa kulia, mguu wako wa kulia uko mbele. Usivute mkono. Usogeze mguu wa mbele pembeni mwa mguu wake, uzunguke juu ya huo huo, mguu wa nyuma ufagie duara hadi nyuma yako. Mkimaliza mmesimama bega kwa bega mnatazama upande mmoja, na mkono wake umekufuata wenyewe, kiganja chako kikitazama juu kama umebeba sinia.

Kosa la kila mtu ni kuanza na mkono. Mkono ulioshikwa umeshikwa, uache hapo hapo. Sogeza kiuno.

4. Jifunze kuanguka, na usiwe na haraka. Hapa naomba usome polepole.

Kuanguka kwa nyuma, *ushiro ukemi*, huanzia chini. Kaa mkekani, kunja mguu mmoja chini yako, bana kidevu kifuani kana kwamba umeshikilia karatasi isidondoke, fanya mgongo mduara, kisha jirudishe nyuma na urudi kukaa. Fanya hivyo hadi mgongo uache kugonga kwa kishindo. Kisha uanzie kwenye kuchuchumaa. Kusimama kunakuja mwisho. Mikono ipige mkeka pembeni, chini ya usawa wa mabega.

Onyo la kwanza: usitangulize mkono nyuma kujizuia. Mwili mzima utaangukia kifundo kimoja na kitavunjika. Onyo la pili: kidevu kikiachia, kisogo kinagonga mkeka. Ukigonga kichwa, darasa lako la leo limeisha. Ukipata kizunguzungu, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kichwa kinachozidi kuuma, hospitali usiku huo huo.

Kuanguka kwa mbele, *mae ukemi*, ndiko kunakoogopwa. Anza ukiwa umepiga goti la kushoto, mguu wa kulia mbele. Weka mkono wa kulia mkekani kwa ubavu wa kidole kidogo, vidole vikikutazama wewe, mkono mzima umejipinda kama mshikio wa kikapu. Geuza uso kushoto, utazame kwapa lako la kushoto. Sasa nyanyua kiuno na umwage uzito polepole: kidole kidogo, kiwiko, bega la kulia, kisha mshazari mgongoni hadi nyonga ya kushoto. Kichwa hakigusi mkeka. Uti wa mgongo hauviringiki moja kwa moja, unavukwa kwa mshazari. Kulia kukitulia, geukia kushoto.

Bega likigonga "du!", mkono wako umekunjika kiwikoni. Nilifanya kosa hilo mwezi wangu wa tatu. Nilitaka kumfurahisha mwenzangu aliyenitupa kwa kasi, mkono ukalala, nikatua juu ya ncha ya bega. Wiki sita sikuweza kuning'iniza nguo kwenye kamba. Hakuna aliyenikosea, mimi ndiye niliyekubali kasi ambayo mwili wangu haukuwa umeifikia.

Ndiyo sababu video haifai kuanzia. Video haioni kidevu chako kikiachia, na sebule yenye vigae haisamehe. Nyumbani fanya kule kujirudisha nyuma ukiwa umekaa tu, juu ya godoro lililolazwa chini. Mae ukemi ifanyie klabuni, mbele ya jicho la mtu.

5. Kuwa uke mkweli. Zamu yako ya kushambulia ikifika, shika kweli na piga kweli, ukilenga mwili, kwa kasi ambayo mwenzako anaimudu. Ngumi inayopita pembeni haimfundishi kitu. Wala usikaze mwili kama nguzo ya umeme kwa kuwa tayari unajua mbinu inayokuja; mshambuliaji halisi hana taarifa hiyo. Na usijiangushe kabla hujayumba. Watu wazima wengi hufanya hivyo kwa upole, kumsaidia mwenzao, ila mwenzao anakwenda nyumbani akidhani ameweza.

6. Piga mkeka mapema. Mbinu za kubana, kama nikyo na sankyo, zinaingia kwenye kifundo cha mkono ghafla. Ukisikia imefika, piga mkeka au paja mara mbili kwa sauti. Mwenzako lazima aachie papo hapo. Ukiwa tori na ukasikia kishindo hicho, achia taratibu bila kutupa mkono. Wanaume wazima, hasa wakipangwa na dada mwenye mwili mdogo, hupenda kuvumilia. Kesho yake wanashindwa kufungua kopo la maji. Ukipangwa na mtu asiyeachia, inama, mshukuru, toka, umwambie mwalimu. Hilo si umbea, ni usalama wa wote.

7. Shika mbinu chache. Ikkyo ndiyo mlango. Unapokea mkono wake, unaongoza kiwiko kielekee sikioni mwake, unaingia, unamshusha chini kwa uzito wa mwili wako. Ukiikamata ikkyo, nikyo na sankyo zinakuwa ndugu zake.

Shihonage itakuja mapema pia, nayo inataka uangalifu wa pekee. Unapita chini ya mkono wa mwenzako na kumwangusha nyuma kwa mkono uliokunjika. Mkono wake uwe karibu na bega lake mwenyewe unapoushusha. Ukiuvuta uende nje, unapasua kiwiko na bega. Ukimshusha kwa kasi, kisogo chake kinatangulia. Mpelekee mkono hadi chini kama unayeweka mtungi wa maji.

8. Hesabu siku zako. Chukua daftari la shule, andika tarehe, mbinu mlizofanya na jambo moja ulilosahihishwa. Jambo moja linatosha. Kwa utaratibu wa Aikikai, mtihani wa kyu ya 5 (kyu ni madaraja ya kabla ya mkanda mweusi) huja baada ya walau siku 30 za mazoezi. Ukienda mara mbili kwa wiki bila kukosa, hiyo ni miezi mitatu na nusu. Kutoka hapo namba zinashuka hadi kyu ya 1, kisha shodan, mkanda mweusi wa kwanza. Klabu nyingi za Aikikai humwacha mtu mzima na mkanda mweupe safari yote hiyo, kwa hiyo usimpime mwenzako kwa rangi ya mkanda.

Mwezi wa Ramadhani usiache daftari tupu. Muulize mwalimu kama kuna darasa baada ya futari. Na ukija umefunga, fanya kugeuka na jo, kuanguka kuache.

Ukikwama

*Nasikia kichefuchefu nikiviringika.* Masikio ya ndani hayajazoea, na kwa mtu aliyepita miaka thelathini ni kawaida kabisa. Viringika mara tatu, simama, tazama kitu kilichotulia ukutani, rudia. Usije na tumbo limejaa ugali. Kula saa mbili au tatu kabla. Wiki kadhaa tu kinapungua.

*Magoti yanawaka.* Ni ule ukaaji wa seiza, wa kupiga magoti na kukalia visigino, na mbinu za kupiga magoti. Kaa kwa kukunja miguu mbele, mwombe mwalimu ruhusa mara moja tu, hutahitaji kuomba tena. Maumivu ya ngozi yanaisha. Maumivu ya ndani ya goti, hasa likivimba au likikwama, yanahitaji daktari.

*Kifundo kimeteguka.* Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano hivi kwa mara moja, bandeji isiyokaza sana, mkono uinuliwe. Siku za mwanzo usikandwe kwa maji moto wala usinyooshwe na mtu, hata akiwa bibi anayeheshimika mtaani. Ukishindwa kushika kikombe siku ya pili, kapige picha ya eksirei.

*Ninasahau mguu upi unaanza.* Kila mtu. Uliza hivi: "Mwenzangu ameshika mkono upi, na mguu wake upi uko mbele?" Jibu la mguu wako limo humo.

*Mwenzangu ana nguvu, simsogezi.* Unasukuma pale alipokaza. Sogea wewe, ubadilishe pembe, ndipo umguse. Ikishindikana mara tatu mwambie, "Kaka, legeza nusu nione njia." Hakuna aibu.

*Hii itanisaidia nikikabwa usiku?* Kwa miezi mitatu, hapana, nami sitakudanganya. Mtu mwenye panga akitaka simu, mpe simu. Kitakachokusaidia mapema zaidi ni ukemi, yaani kule kujua kuanguka. Mama mmoja wa klabuni aliteleza kwenye ngazi zenye maji msimu wa masika, akiwa na mfuko wa nyanya. Alibana kidevu, akakaa, akaviringika kwa ubavu. Nyanya zilipondeka zote. Yeye alikuja mazoezini Alhamisi na alama ya bluu pajani, akatuonyesha alivyotua.

*Nilikosa miezi miwili, naona haya kurudi.* Rudi Jumanne au siku yoyote ya darasa. Mwambie mwalimu ulikuwa mbali, usijieleze sana, kisha kaa pembeni mwa mkeka uanze tena na kujirudisha nyuma ukiwa umekaa, kidevu kifuani, mara kumi kila upande.